Mizani Ikigoma Mwezi wa Sita

Karibu kila anayejiunga na programu ya kupunguza uzito hupita njia ileile. Wiki za kwanza kilo zinashuka haraka, nguo zinalegea, jamaa wanaanza kuuliza siri ni nini. Mwezi wa tatu kasi inapungua. Ukifika mwezi wa sita, au wa nane kwa wengine, mizani inagoma: wiki hii namba ileile, wiki inayofuata ileile, ya tatu imepanda nusu kilo. Mhusika hajaacha mazoezi, hajarudia soda, bado anakula ugali kidogo na mchicha mwingi, lakini hakuna kinachosogea. Hapo lawama zinaanza. Mwenyewe anajiona amelegea, mtoa huduma anamshuku kwamba anakula kwa siri, na jirani ana jina la dawa ya kumshauri. Hoja ya makala haya ni kwamba wote watatu wanakosea. Uzito hukwama pale njaa, ambayo huongezeka kwa kila kilo inayotoka, inapofikia kulingana na juhudi za mtu. Anayelielewa hilo atachukua hatua tofauti kabisa na anayeamini kwamba amefeli, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika kuamua kama kilo zilizotoka zitarudi au la.

Kwanza tukubali kwamba kukwama ni jambo la kawaida hata katika programu bora kuliko zote. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwahusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliopangiwa kubadili mtindo wa maisha walipewa mkufunzi wa mtu mmoja mmoja, masomo 16 ndani ya wiki 24, lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Mwisho wa wiki hizo 24, nusu yao walikuwa wamefikia lengo. Walipopimwa mwishoni mwa utafiti, waliobaki kwenye lengo walikuwa asilimia 38. Utafiti mwingine wa huko, unaoitwa Look AHEAD, uliwafuatilia watu 5,145 wenye kisukari. Kundi lililosimamiwa kwa karibu lilipungua wastani wa asilimia 8.6 mwaka wa kwanza, kisha likapanda taratibu, na baada ya karibu miaka kumi lilikuwa asilimia 6 chini ya lilipoanzia. Hawa walikuwa watu waliojitolea, wenye wataalamu wa lishe na wakufunzi wa kulipwa. Kama mizani iliwagomea wao, basi chanzo kiko ndani zaidi ya tabia ya mtu mmoja mmoja.

Sehemu ya tatizo ni hesabu tunayofundishwa. Mwaka 1958 daktari wa New York, Max Wishnofsky, aliandika kwamba ratili moja ya uzito wa mwili ni sawa na kalori 3,500. Kutokana na andiko lake ikazaliwa kanuni ambayo hadi leo inarudiwa kwenye vipeperushi: punguza kalori 500 kwa siku, utapungua karibu nusu kilo kila wiki. Ifuate kanuni hiyo hadi mwisho uone inakufikisha wapi. Mtu wa kilo 95 angepungua kilo 12 kwa miezi sita, kilo 24 kwa mwaka, na baada ya miaka mitatu angekuwa na kilo 24 hivi, uzito wa mtoto wa shule ya msingi. Haiwezekani. Kosa lake ni kudhani kwamba mwili unaendelea kutumia nishati ileile hata unapokuwa mdogo. Mwili uliopungua una kazi ndogo ya kujibeba, una tishu chache za kulisha, na hata usagaji wa chakula unapungua kwa kuwa chakula chenyewe kimepungua. Mwaka 2011 Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, na wenzake walitoa hesabu bora katika jarida la Lancet: kila kalori 24 hivi unazopunguza kwa siku, na ukaendelea kuzipunguza, hatimaye hukupunguzia kilo moja. Nusu ya mabadiliko hutokea katika mwaka wa kwanza, na karibu yote yanakamilika baada ya miaka mitatu.

Msomaji makini ataona kitendawili hapa. Kama mwili wenyewe ungehitaji miaka mitatu kufika mahali pa kutulia, kwa nini watu hukwama mwezi wa sita? Kupungua kwa matumizi ya nishati hakutoshi kueleza jambo hilo. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na mwanahisabati Diana Thomas walilipigia hesabu swali hilo wakafikia jibu lisilopendeza masikioni: mtu akikwama mapema namna hiyo, ulaji wake umekuwa ukipanda tena, kidogo kidogo. Wengi wakisikia hivyo husema, basi ni uzembe. Hapo ndipo ushahidi mwingine unapokuwa wa thamani kubwa. Hall na wenzake walichunguza wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakitumia dawa inayotoa sukari mwilini kupitia mkojo. Kila siku wagonjwa hao walipoteza mamia ya kalori bila kuhisi chochote, na hawakujua kama wamepewa dawa yenyewe au kidonge kitupu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kujibana wala kujiachia. Walipungua kilo chache kisha wakatulia. Watafiti walipokokotoa wagonjwa hao walikuwa wakila kiasi gani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa kila kilo iliyotoka, hamu ya kula ilisukuma ulaji juu kwa kalori 100 hivi kwa siku. Matumizi ya nishati, kwa upande wake, hushuka kwa kalori 20 hadi 30 tu kwa kila kilo. Nguvu ya njaa katika kupinga upungufu wa uzito ni zaidi ya mara tatu ya nguvu ya mwili kubana matumizi.

Tuziweke namba hizo juu ya mtu mmoja wa mfano, kwa sababu hapa ndipo jambo zima lilipo. Mama mwenye kilo 95 anaanza programu. Juhudi zake za kila siku, yaani kuacha andazi la asubuhi, kupunguza mafuta kwenye sufuria, kukataa sahani ya pili, zinamzuia kula kalori 800 ambazo vinginevyo angezila. Siku za kwanza zote 800 ni upungufu halisi na kilo zinamtoka. Akishapungua kilo 4, njaa inamsukuma ale kalori 400 zaidi ya alizokuwa akila kabla ya programu. Juhudi zake ni zilezile, lakini sasa nusu yake inatumika kuizuia njaa mpya, na nusu tu ndiyo inayopunguza chakula kwenye sahani. Akifika kilo sita na nusu hivi, njaa imeongezeka kwa kalori 640, na mwili wake uliopungua unatumia kalori 160 pungufu ya zamani. Jumlisha: 640 na 160 ni 800. Mizani imekwama. Mama huyu sasa anakula kalori 160 tu chini ya alizokuwa akila kabla hajaanza, lakini nguvu anayotumia kujizuia ni ileile ya siku ya kwanza. Akisema, "Ninajitahidi kama mwanzo," anasema kweli kabisa. Na mtoa huduma anayesema ulaji umepanda, naye anasema kweli. Wote wawili wako sahihi, lakini wanaishia kugombana kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba juhudi na ulaji ni vitu viwili tofauti. Namba zenyewe ni za wastani, na kila mwili una zake, lakini kilo sita na nusu kati ya 95 ni karibu asilimia 7, kiasi kilekile ambacho programu nzuri hukifikia kabla ya kukwama.

Njaa hii ina chanzo kinachopimika kwenye damu. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller iligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua leptini inashuka, na ubongo unachukulia kwamba njaa kali imeingia. Huko Australia, watafiti waliwapa watu 50 wanene mlo wa kalori chache mno kwa wiki kumi, wakawapima homoni, kisha wakawapima tena baada ya mwaka mmoja. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba mwaka mzima baadaye leptini ilikuwa bado chini, grelini inayochochea njaa ilikuwa bado juu, na wahusika wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza. Hiyo ndiyo hali ya mwili wa mtu aliyepungua, naye ataishi nayo muda mrefu. Anayemwambia mtu wa namna hiyo "jikaze tu" hajui anachokiomba.

Wapo watakaopinga: "Mimi ninakula kilekile nilichokuwa nikila uzito uliposhuka, sijaongeza hata tonge." Pingamizi hili lilijaribiwa New York mwaka 1992. Watafiti waliwachukua watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui, wakapima matumizi yao ya nishati kwa vipimo visivyotegemea maneno ya mtu. Miili yao ilikuwa inatumia nishati kama kawaida. Ila chakula halisi kilizidi sana kile walichokiripoti: walikuwa wameacha kuhesabu karibu nusu. Hawakuwa waongo, walikuwa wanadamu wanaokisia. Katika jikoni zetu kukisia ni rahisi zaidi. Mafuta ya kupikia yanamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, na kijiko kikubwa kimoja tu kina kalori 120. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, ukinywa vikombe vinne kutwa, inaingiza karibu kalori 190, na hakuna anayeita chai chakula. Penye sinia la watu wengi, kama ilivyo desturi ya pwani, hakuna sahani ya mtu mmoja ya kuipima kwa macho. Zile kalori 640 za mama wa mfano wetu hazihitaji sherehe ya harusi ili zirudi. Vijiko viwili vya mafuta, chapati moja na vikombe viwili vya chai ya sukari vinatosha.

Pingamizi la pili ni lile la "metaboli yangu imeharibika," yaani mwili umepunguza kasi ya kutumia nishati. Hili lina mashiko kuliko la kwanza, na linastahili jibu la heshima. Mwaka 2016 Hall na wenzake walichapisha habari za washindani 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, The Biggest Loser. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kilo 41, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia kalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Habari hiyo ilisambaa na kuwavunja moyo wengi. Jambo ambalo halikusambaa ni kwamba walioshikilia upungufu mkubwa zaidi ndio waliokuwa na metaboli iliyopungua zaidi. Kama metaboli iliyoshuka ndiyo ingewarudishia watu kilo, ingekuwa kinyume chake. Kwa hiyo mwili unapunguza kasi, ni kweli, na kwa waliopungua kwa pupa unaipunguza sana, lakini kupungua huko ni gharama ya kubaki mwembamba. Hakumfungii mtu mlango. Chanzo kikubwa cha kukwama na cha kurudi kwa kilo bado ni njaa.

Tatu, watu husema: basi niongeze mazoezi. Ushahidi bora wa suala hili umetoka Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu ambao wanaume wao hutembea kilomita 11 hivi kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, na wanawake wao huchimba mizizi kwenye ardhi ngumu. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku nzima haikupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Inaelekea mwili unaolazimishwa kazi nyingi hufidia kwa kubana matumizi kwingineko. Ndiyo maana mtu anaweza kuongeza saa nzima jimu na mizani isitikisike. Lakini kuna upande wa pili ambao ni lazima usemwe. Wale washindani wa televisheni walipofuatiliwa tena, walioongeza mazoezi zaidi katika miaka sita ile ndio waliobaki na uzito mdogo. Katika daftari la taifa la Marekani lililoanzishwa mwaka 1994 kuwaandikisha watu waliopunguza uzito na kuushikilia, wengi wao hufanya mazoezi ya karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea. Mazoezi ni dhaifu katika kushusha kilo na yana nguvu katika kuzizuia zisirudi. Kwa hiyo anayekwama asiyaache kwa hasira, na asiyapandishe maradufu akitarajia muujiza.

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, hakikisha kwamba umekwama kweli. Kilo za wiki mbili za mwanzo ni maji kwa sehemu kubwa, kwa kuwa wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hushikana na maji na yote hutoka pamoja. Kutoka leo hadi kesho uzito unaweza kupishana kilo moja au mbili kwa ajili ya chumvi, siku za hedhi, choo kigumu, au misuli iliyovimba baada ya kuanza kunyanyua vyuma. Pima asubuhi baada ya kwenda haja, kwa mizani ileile, uandike, na ulinganishe wastani wa wiki kwa wiki. Kama wastani haujashuka kwa wiki nne au zaidi, umekwama. Kisha angalia dawa unazotumia. Prednisolone, insulini, glibenclamide, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapine, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, zote huweza kuzuia uzito usishuke au kuupandisha. Tezi ya shingoni ikizembea nayo huleta hali hiyo. Mweleze daktari wako, kwa sababu mara nyingi kuna dawa mbadala. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Insulini au prednisolone ikiachwa ghafla inaweza kuua.

Ikithibitika kwamba umekwama, una uamuzi wa kufanya, na ninashauri uufanye kwa makusudi badala ya kuuacha ujifanye wenyewe. Njia ya kwanza ni kubaki ulipo. Kushikilia kilo sita zilizotoka, huku njaa ikikusukuma kila siku, ni kazi kamili inayostahili kuitwa mafanikio, na kwa miezi miwili mitatu inaweza kuwa ndiyo kazi bora kuliko zote. Njia ya pili ni kushuka zaidi. Hapo ujue bei: kwa hesabu tuliyoiona, kila kilo moja ya ziada inadai kalori 125 hivi za juhudi za kila siku, na si za msimu mmoja. Anayeijibu mizani iliyogoma kwa kula mlo mmoja kwa siku anachukua mkopo asioweza kuulipa. Atashuka wiki tatu, njaa itapanda pamoja naye, kisha atarudi alikotoka akiwa amepoteza na misuli.

Kama unataka kushuka zaidi, tafuta mahali ambapo kalori nyingi hutoka bila kuamsha njaa sana. Vinywaji ndivyo vya kwanza, kwa kuwa sukari ya majimaji haishibishi. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Mafuta yapimwe kwa kijiko yakitoka kwenye dumu, sufuria nzima ya familia ihesabiwe vijiko vyake, na mpishi wa nyumbani ashirikishwe, maana asiposhirikishwa yeye hakuna kitakachobadilika. Ongeza maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, mayai na mboga za majani, kwa sababu protini na nyuzinyuzi hushibisha kwa kalori chache kuliko ugali na wali. Mnaokula kwenye sinia, jipakulie sahani yako kwa muda wa wiki moja tu, ili ujue kiasi chako ni kipi, kisha urudi mezani na wenzako ukiwa unakijua. Wiki hiyohiyo andika kila kinachoingia mdomoni, kwa vijiko na vikombe. Madhumuni ni kujua kalori zimerudi kupitia wapi, na mara nyingi utakuta ni sehemu moja au mbili tu.

Kuhusu chai za kupunguza tumbo na vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa picha za kabla na baada, nitasema kwa kifupi na kwa ukali. Nyingi za chai hizo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Zinatoa maji na choo, mafuta yanabaki palepale. Katika baadhi ya vidonge vinavyodaiwa kuwa vya mimea tu, maabara zimekuta sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Mtu aliyekwama ndiye mteja anayewindwa, kwa kuwa amekata tamaa na ana haraka.

Sasa kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko mlo wowote. Programu nyingi humshika mtu mkono kila wiki kwa miezi mitatu hadi sita, kisha humpa cheti na kumwacha, wakati uleule ambapo njaa yake iko juu kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Mpangilio huu umepindua mambo. Katika vijiji vya Florida, Michael Perri na wenzake waliwafuatilia wanawake 234 wa umri wa miaka 50 hadi 75 ambao walikuwa wamepungua kilo 10 kwa miezi sita. Mwaka uliofuata baadhi yao waliendelea kuzungumza na mshauri kila wiki mbili, ana kwa ana au kwa simu. Wengine walitumiwa maandishi tu ya mafunzo. Waliotumiwa maandishi walirudisha kilo 3.7. Waliozungumza na mshauri walirudisha kilo 1.2, na simu ilifanya kazi sawasawa na kukutana uso kwa uso. Hakukuwa na mlo mpya wala dawa. Kilichowaokoa ni mtu wa kuzungumza naye. Rena Wing naye, katika utafiti wa mwaka 2006, aliwafundisha watu waliokwisha kupungua kujipima kila siku na kugawa uzito wao katika rangi tatu: kijani ukiwa umepanda chini ya kilo moja na nusu, njano ukiivuka, nyekundu ukizidi kilo mbili na kidogo, na kila rangi na hatua zake zilizopangwa mapema. Waliohudhuria vikao vya ana kwa ana walirudisha takriban nusu ya kilo walizorudisha wale ambao hawakupewa msaada huo.

Mambo haya yanawezekana kwetu bila bajeti ya Marekani. Vikundi vya vikoba hukutana kila wiki, vina daftari, vina kanuni na watu wanaoaminiana. Mizani moja ya kununua kwa pamoja na dakika kumi kabla ya kuweka hisa zinatosha kuanza. Wenzako wa kikundi watakusaidia pia kwenye shinikizo ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji, yaani ndugu wanaokuona umepungua na kunong'ona kwamba unaumwa, au kwamba mumeo hakutunzi. Shinikizo hilo hurudisha watu wengi kwenye sahani ya pili. Waeleze nyumbani mapema kwamba umepungua kwa ushauri wa kliniki, na kwamba presha au sukari yako imeshuka kwa kiasi gani. Namba ya presha huwanyamazisha watu kuliko maelezo marefu.

Wapo wanaouliza: kama baada ya tabu yote hii mtu anaishia asilimia 5 au 7, kuna faida gani? Jibu liko kwenye ule utafiti wa mwaka 2002. Kundi la kubadili mtindo wa maisha, pamoja na kukwama kwake kote, lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformin iliipunguza kwa asilimia 31. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyotoka ilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 16. Look AHEAD haikupunguza mashambulizi ya moyo, na ni haki msomaji alijue hilo, lakini washiriki wake walitembea vizuri zaidi, walilala vizuri zaidi na walihitaji dawa chache za kisukari. Wala dawa mpya za kupunguza uzito haziondoi kukwama. Semaglutide, katika utafiti wa mwaka 2021, ilipunguza uzito kwa karibu asilimia 15 kwa wiki 68, kwa sababu inaituliza ileile njaa tuliyoizungumzia, lakini nayo huwa inafika mahali ikatulia, na walioiacha walirudisha theluthi mbili ya upungufu wao ndani ya mwaka mmoja. Kwa mtu mwenye unene mkubwa na maradhi yanayoambatana nao, dawa au upasuaji ni mambo ya kuyazungumza na daktari bila aibu. Anayeyahitaji hajashindwa chochote. Njaa yake ina nguvu kuliko ya mwenzake, basi.

Kwa wanaoendesha programu hizi hospitalini, makazini na kwenye nyumba za ibada, ombi langu ni moja: mwambieni kila mshiriki siku ya kwanza kabisa kwamba mizani itagoma, lini itagoma na kwa nini, na pangeni vikao au simu za mwaka wa pili kabla hamjachapisha ratiba ya mwaka wa kwanza. Na wewe msomaji, kama programu yako inaishia mwezi wa sita, usiondoke kwenye kikao cha mwisho kabla hujapata tarehe ya mwezi wa saba na namba ya mtu atakayekupigia.